Wote wa Nyumba Hii Wamo?

Awino alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni, na kwao Macalder kinyaa kilikuwa anasa. Mama yake alichekecha mchanga wa dhahabu kwenye karai, amezama hadi magotini katika maji yenye rangi ya chai ya maziwa, na watoto wote wa machimboni walikunywa kwa kopo moja lililofungwa kamba kwenye mtungi. Awino hakunywa. Alikaa na kiu mpaka wafike nyumbani, akasugua kikombe chake kwa majivu, akasuuza mara tatu, ndipo akanywa.

"Huyu ataolewa na nani?" shangazi zake walicheka. "Usiku wa arusi si atamsugua bwana kwa majivu kwanza!"

Hakuolewa, ingawa si kwa sababu hiyo. Alijifunza kupiga taipu, akapata kazi katika ofisi moja mjini Homa Bay, akapanga chumba chenye sakafu ya saruji ambayo aliweza kuipiga deki kila siku. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, mwaka wa 1991, Mwalimu Zadock aliposimama dirishani pake na karatasi mkononi.

Zadock alifundisha shule ya msingi. Alikuwa ametoka kugombana na kwaya ya kanisa lake, iliyokuwa na waimbaji sitini, ngoma tatu na sare mbili. Alitaka watu wanane tu, wawili kwa kila sauti, wasio na ngoma wala kinanda, waimbe ndani ya nyumba za watu.

"Sitaki jukwaa, dada," alimwambia Awino. "Nataka sebule. Nataka mwenye nyumba asikie hata nikivuta pumzi."

Alichohitaji kwake ni taipu. Nyimbo zake alikuwa ameziandika kwa solfa, zile herufi za do, re, mi zikitenganishwa kwa nukta na vistari, na mkono wake ulikuwa mbaya kiasi kwamba waimbaji walisoma fa wakaimba la. Awino alizipiga kwenye stensili, karatasi za nta za kutolea nakala, wakati wa chakula cha mchana. Siku ya tatu Zadock alirudi akamkuta anapiga huku akivumisha sauti ya pili, ile alto, bila kujua kwamba anaivumisha. Zadock alisimama nje ya dirisha mpaka ukurasa ukaisha. Alhamisi iliyofuata Awino akawa ameketi kwenye kiti kidogo cha darasa la chekechea, magoti yamemfika kidevuni, akiimba na watu saba.

Walizungumza Kiswahili mazoezini, kwa sababu Bhoke alikuwa Mkuria, Omwenga alikuwa Mkisii, na waliobaki walikuwa Wajaluo waliojua kwamba wakianza Kijaluo hawataacha. Aliyekaa mbele ya Awino, katika sauti ya kwanza, alikuwa Roselyn. Alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Takawiri, mke wa dereva aitwaye Nashon, mfupi, mcheshi, mwenye mwanya. Kwaya isiyo na kinanda huzama. Huanza wimbo juu, na ubeti kwa ubeti huteremka polepole bila yeyote kujua, kama kikapu kinachoingia maji. Zadock alikuwa na chuma chenye meno mawili. Alikigonga gotini, akakiweka sikioni, akawapa sauti ya kuanzia. Wimbo ukiisha alikigonga tena kuona kama wameanguka. Roselyn akiwepo, hawakuanguka. Alishikilia sauti pale ilipowekwa kama mtu aliyeshika mlango kwa mgongo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Oyugis, kwa mwalimu mkuu mmoja. Wageni walikuwa wameketi, Zadock amekwisha kugonga chuma chake, mara Roselyn akainua mkono.

"Samahani, mzee. Yule anayekohoa kule nyuma ni nani?"

"Wapi? Ah, yule ni mke wangu. Anashughulikia chai."

"Haji kusikiliza?"

"Atasikia kutoka huko huko jikoni."

"Basi hata sisi tutaimba kutoka huko huko jikoni," Roselyn alisema, akaanza kubeba kiti chake.

Watu walicheka, mwalimu mkuu akacheka kwa kuchelewa, na mkewe akaitwa. Aliingia akijifuta mikono, macho mekundu kwa moshi, akakalia ukingo wa kochi lake mwenyewe kama mgeni anayeogopa kulichafua. Waliimba nyimbo nne. Mwanamke yule hakulia wala hakutabasamu; alikaa tu kinywa wazi, na wimbo wa nne ulipokwisha akasema, "Kumbe huwa kuna baridi huku." Awino hakulisahau neno hilo. Mwanamke alikuwa ameishi katika nyumba ile miaka kumi na saba.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kabla ya wimbo wa kwanza Roselyn alisimama akauliza, "Wote wa nyumba hii wamo?" na mwenye nyumba hakuimbiwa mpaka aweze kujibu, "Wote wamo." Katika miaka mitatu ya kwanza swali lile liliwatoa watu katika pembe zao: mabibi vipofu, wachungaji wa ng'ombe, wasichana wa kazi, na kule Rongo mjomba mlemavu ambaye hakuwa ameingia sebule ya ndugu yake tangu iezekwe bati. Baada ya kuimba walikunywa chai pamoja. Awino alitoa kikombe chake mwenyewe kutoka mkobani, na kila mara Omwenga alinong'ona, "Mpisheni askofu anywe," na kila mara Roselyn akacheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Lakini kitu kikipendwa na wakubwa huanza kunuka. Kufikia mwaka wa 1994 kwaya ya watu wanane ilikuwa fasheni. Ofisa akijenga nyumba, aliialika. Mfanyabiashara akinunua makochi mapya, aliialika, na makochi yalikuwa bado yamevikwa nailoni, yakilia chini ya makalio ya wageni katikati ya wimbo. Awino alizichukia sebule zile. Alichukia vitambaa vilivyofumwa, maua ya plastiki yenye vumbi, harufu ya mafuta ya taa yaliyosuguliwa sakafuni asubuhi hiyo hiyo. Zaidi ya yote alichukia jinsi walivyojifunza lile swali. Mwenye nyumba alijiandaa. Mchungaji wa ng'ombe aliazimwa koti, akaketishwa mahali atakapoonekana, swali likaulizwa, jibu likatolewa kwa sauti kubwa, na wageni wakapiga makofi. Wimbo wa mwisho ulipoisha koti lilirudi kabatini na mchungaji zizini. Mara moja Awino alimwona mama mwenye nyumba akifuta kwa kitambaa chenye sabuni mahali alipokuwa ameketi msichana wake wa kazi. Alifuta kwa bidii ile ile ambayo Awino aliifahamu, bidii yake mwenyewe na majivu, na hilo lilimchafua roho kuliko yote.

Mwaka wa 1995 Nashon alikufa, kwa ule ugonjwa ambao watu waliutaja kwa kuinamisha sauti. Jamaa zake walimchagulia Roselyn shemeji wa kumrithi, kama ilivyokuwa desturi. Roselyn alikataa. Alisema anajua kilichomuua mumewe na hataki kumpelekea mtu mwingine. Hakuna aliyemsifu kwa hilo. Alikonda, shingo ikabaki mishipa, lakini aliendelea kuja Alhamisi, na kwaya haikuanguka. Februari 1996 mama mkwe wake, Mama Nashon, alituma watu wamchukue waende naye Migori, nyumbani, wakamwuguze.

Siku ya mwisho ya mazoezi aliketi karibu na Awino.

"Swali sasa utauliza wewe, nyar Kadem," alisema, akimwita kwa jina la ukoo wa kwao. "Una sura ya mtu asiyedanganyika."

"Nitauliza mpaka urudi."

"Na siku mkija kwetu Migori, usije ukaniacha nje, eh?"

"Wewe! Nitakuachaje nje?"

"Mtu wa majivu. Labda utataka nisuguliwe kwanza."

Walicheka. Roselyn akanyoosha kidole chake cha mwisho kama watoto wanavyofanya wakiwekeana ahadi, na Awino, ambaye hakupenda kushikana na watu, akakishika.

Mwaliko ulikuja Septemba. Kitinda mimba wa Mama Nashon, Tony, alikuwa amemaliza chuo kikuu, na mama yake alifanya sherehe ya shukrani. Alikuwa pia na mtu wake wa redio ambaye angekuja na mashine kunasa nyimbo kwenye kaseti. Zikipendeza, zingepigwa Jumapili asubuhi, nchi nzima isikie. Zadock hakulala vizuri wiki nzima. Alikuwa amemwingiza binti aitwaye Trizah mahali pa Roselyn, na alimfanyisha mazoezi mpaka msichana akapoteza sauti, akapewa tangawizi, akafanyishwa tena.

"Na Roselyn mwenyewe?" Bhoke aliuliza.

"Atakuwepo bila shaka. Si kwao?" alisema Zadock. "Atafurahi kutuona."

Nyumba ya Mama Nashon ilikuwa nje kidogo ya mji, ya matofali mekundu, yenye shamba la tumbaku mpaka mtoni. Walipofika saa nne, ua ulikuwa umejaa sufuria. Awino alienda kwenye bomba kunawa, na hapo akaona sahani ya bati juu ya jiwe, peke yake, mbali na beseni la vyombo. Inzi waliifunika kabisa.

"Hii mbona haioshwi?" alimwuliza msichana aliyekuwa akisugua sufuria.

"Hiyo haichanganywi, dada. Ni ya yule wa banda."

"Banda gani?"

Msichana alielekeza kwa midomo. Nyuma ya choo, nyuma ya migomba, lilisimama banda la udongo la kukaushia tumbaku, lisilo na dirisha. "Shemeji Roselyn," alisema msichana, akarudia kusugua.

Awino alimkuta Zadock akipanga karatasi zake.

"Mwalimu, Roselyn yumo kwenye banda la tumbaku. Wamemtengea na sahani."

Zadock hakuinua macho mara moja. Kwa jinsi alivyozidi kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa, Awino alitambua kwamba alijua.

"Nimeambiwa anapumzika," alisema.

"Tunamleta ndani?"

"Dada yangu, nisikilize. Yule bwana wa redio ana betri za saa moja tu. Tuimbe kwanza. Wewe uliza swali lako kama kawaida, mwenye nyumba atajibu kulingana na dhamiri yake. Tukimaliza tutakwenda sote kumsalimu. Hata wimbo mmoja tutamwimbia, huko huko."

Kulingana na dhamiri yake! Awino alimtazama mtu huyu aliyekuwa amegombana na kanisa zima kwa ajili ya pumzi. Ukosi wa shati lake ulikuwa mpya, na jasho lilikuwa limekwisha kuuchora mstari wa njano. Awino alijiambia kwamba atauliza kwa namna ambayo hakuna atakayeweza kudanganya.

Sebuleni walikuwepo watu kama thelathini. Mtu wa redio aliweka mashine yake juu ya meza, akabonyeza, taa nyekundu ikawaka. Zadock akamwashiria. Awino alisimama, akamtazama Mama Nashon usoni, akauliza polepole, neno kwa neno:

"Wote wa nyumba hii wamo?"

Mama Nashon alikuwa mwanamke mzuri, mnene kwa adabu, amevaa gauni la rangi ya dhahabu. Alitazama huku na huku kama kuku anayehesabu vifaranga. Alimtazama Tony, akawatazama wajomba, akamtazama hata msichana wa sufuria aliyekuwa ameletwa kwa kazi hiyo akiwa na kitambaa kipya kichwani. Kisha akatabasamu.

"Wote wamo, binti yangu."

Watu saba wa kwaya walisikia. Sita kati yao walikuwa wameimba na Roselyn miaka mitano. Cephas, sauti nzito ya mwisho, alitazama viatu vyake. Awino alifungua kinywa, akaona taa nyekundu, akaona nyuso thelathini zikimngoja akae. Zadock akagonga chuma chake gotini. Na kinywa kile kile kilichofunguka kusema kikaimba.

Aliimba wimbo wote. Aliimba na wa pili. Zadock alipogonga chuma mwishoni na kukiweka sikioni, uso wake ulijikunja: walikuwa wameanguka nusu nzima ya sauti. Mtu wa redio hakujua hilo. Alisema ni safi sana, akazima mashine ili abadilishe upande wa kaseti, na chakula kikaingia.

Kwaya ilikula. Awino hakusahau sauti ya kula kule: Omwenga akifyonza uboho, Trizah akiomba paja, Zadock akimwekea mtu wa redio firigisi kwa mkono wake mwenyewe. Aliona grisi kwenye midomo iliyokuwa imetoka kuimba juu ya mwana-kondoo. Akaweka sahani yake chini na kutoka.

Bandani mlikuwa na harufu ya tumbaku kuukuu, na chini ya tumbaku kulikuwa na harufu nyingine, ya mwili usiogeuzwa. Roselyn alikuwa amelala kwenye mkeka, kichwa kinaelekea mlangoni. Alitabasamu, na ule mwanya ukawa ndio kitu pekee kilichobaki na ukubwa wake.

"Mmeanguka," alisema.

"Umesikia?"

"Ukuta ni wa udongo, si wa chuma. Ubeti wa tatu mlianza kushuka. Nani huyo mahali pangu? Anaogopa kupumua."

"Ni mtoto, anaitwa Trizah."

"Mwambieni avute pumzi kabla ya kuhitaji." Alijisogeza kidogo mkekani. "Swali nalo nililisikia."

Kando ya mkeka kulikuwa na kikombe cha plastiki chenye uji uliopoa, uliofanya utando juu. Roselyn alikisogeza kwake kwa kidole, jinsi mwenye nyumba anavyomkaribisha mgeni kwa alichonacho. Awino alikitazama. Ukingoni kulikuwa na alama ya midomo iliyokauka. Alikiinua akanywa. Kinyaa hakikuondoka, alikunywa nacho, na utando ulimshika mdomoni.

"Nipeleke," Roselyn alisema. "Wimbo mmoja. Nikae tu, hata nisipoimba."

Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Walipita migomba, wakapita choo, wakapita sahani yenye inzi, wakisimama kila baada ya hatua tano ili apumue. Walipofika kwenye mlango wa sebule mazungumzo yalikatika. Mjomba mmoja aliyekaa karibu na mlango alifunika nyama yake kwa kiganja. Alifanya hivyo bila chuki, kama mtu anavyofunika chakula upepo ukivuma.

"Jamani!" Mama Nashon alisimama, sauti tamu. "Nani huyu amemtoa mgonjwa kwenye baridi?"

Lilikuwa jua la saa saba mchana.

"Amekuja kusikiliza, mama," Awino alisema.

"Atasikia kutoka huko huko. Wasichana, mrudisheni shemeji yenu akalale. Pole, mwanangu, pole."

Wasichana wawili walikuja wakamshika Roselyn upande wa pili. Awino aliwatazama wenzake. Bhoke alikuwa analia ndani ya leso. Cephas alinyanyuka nusu, Zadock akamshika shati, akaketi. Roselyn alimtazama Awino, akamshika mkono kwa nguvu ambayo mtu asingedhani anayo. Sebule nzima ilikuwa inamngoja Awino, kama ilivyokuwa imemngoja mbele ya taa nyekundu. Akauachia ule mkono.

Hiyo ilikuwa nyumba ya mwisho. Awino hakurudi mazoezini na hakupiga tena stensili hata moja. Zadock alijaribu kunakili nyimbo kwa mkono wake. Wakasoma fa wakaimba la. Kabla ya Krismasi darasa la chekechea lilikuwa tupu siku ya Alhamisi. Watu waliouliza waliambiwa kwamba kwaya ilikosa nauli.

Roselyn alikufa Januari. Wakamzika kwa heshima zote, kwa maturubai manne na fahali wawili. Aliletwa sebuleni hatimaye, ndani ya jeneza lenye vishikio vya shaba, akawekwa katikati ya makochi, na wale waliomfunikia sahani wakapanga foleni kumtazama. Awino alisimama nyuma na Bhoke. Mama Nashon alilia mpaka akashikwa na watu wawili, na Awino hakuweza kusema kwamba machozi yale yalikuwa ya uongo. Ndilo jambo lililomchukiza kabisa: yalikuwa ya kweli.

Wakati wa salamu za marafiki, Zadock alisimama mbele ya kipaza sauti. Alisema marehemu aliipenda kwaya, kwamba kwaya haipo tena, lakini kwa bahati njema sauti za kwaya zilihifadhiwa. Akachomeka kaseti aliyopewa na yule mtu wa redio. Alikuwa ameisikiliza nyumbani mara nyingi, akianzia kwenye wimbo. Siku hiyo, kwa haraka ya msiba, aliirudisha nyuma mpaka mwanzo kabisa.

Vipaza sauti viwili vilikwaruza juu ya ua. Kisha, juu ya jeneza, juu ya maturubai na sufuria na banda lile nyuma ya migomba, ikatoka sauti ya Awino:

"Wote wa nyumba hii wamo?"

Na ile nyingine, tamu:

"Wote wamo, binti yangu."

Zadock alinyoosha mkono kuelekea mashine, mkono ukabaki hewani. Mama Nashon aliacha kulia. Lakini waombolezaji hawakuwa na habari ya swali lile wala ya siku ile. Walisikia faraja tu, kwamba nyumba imetimia na hakuna aliyepotea. Mchungaji akafumba macho. "Amina," akasema, na ua mzima, mamia ya watu, ukajibu, "Amina."

Wimbo ukaanza. Katika ubeti wa tatu ulianza kuanguka, kama Roselyn alivyosema. Awino alisikiliza kila sauti kwa zamu yake: Trizah anayeogopa kupumua, Cephas, Zadock mwenyewe. Kisha akaisikia alto, sauti yake mwenyewe. Ilikuwa safi, tulivu, haikutetemeka hata mara moja.